Mapambo ya Krismasi ya karatasi: kabla hujalaumu vidole vyako, pima karatasi

Dada uliyeuliza kama kazi hii inataka kipaji cha kuzaliwa nacho: hapana, haitaki. Umesema mlikaa mezani wewe na wanao na pakiti ya karatasi za rangi, gundi na mikasi, na hadi jioni mlikuwa na mpira uliofumuka, feni ambayo ncha zake zimekataa kukutana, na nyota iliyojikunja kama jani kavu. Yote matatu yamenipata. Miaka miwili ya mwanzo nilijilaumu mwenyewe, nikijiona nina mikono ya mbao. Mwaka wa tatu ndipo nilipong'amua kwamba nilikuwa natumia karatasi ya aina moja kwa kila pambo, na gundi ya aina moja kwa kila karatasi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Uzito wake huhesabiwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Ile ya kawaida ya printa ni gramu 80, na hiyo, au nyepesi zaidi, ndiyo ya kazi za kukunja sana: theluji za kukata, feni za karatasi, vitu vya tabaka nyingi. Mipira na nyota za kusimama zenyewe zinataka kama gramu 120 hadi 160. Ukivuka 200 umeingia kwenye kadi. Hiyo kata umbo bapa, itoboe, itundike, basi. Usijaribu kuikunjakunja.

Shida ni kwamba pakiti nyingi za karatasi za mapambo huchanganya unene wa kila namna na hazikuambii ipi ni ipi. Mimi naziweka kwenye mizani ya jikoni. Karatasi ya A4 ni moja ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo karatasi ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5 kila moja. Panga kumi juu ya mizani: ikisoma 50, hizo ni za gramu 80, ikisoma 100, ni za gramu 160. Dakika moja tu, na umeokoa jioni nzima.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia mapema: karatasi ina upande inaoupenda. Inapotengenezwa kwenye mashine, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Chukua kadi, ipinde taratibu bila kuikandamiza, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Utahisi kabisa kwamba huku inakubali na kule inabisha. Mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi hutoka umenyooka; ule unaokatisha nyuzi hupasua rangi na kukuachia mstari mweupe wenye manyoya mgongoni. Nina hakika nyota yako ilijikunja kwa sababu hii pamoja na gundi nyingi. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kukatisha nyuzi kuliko kuzifuata, kwa hiyo ukibandika vipande viwili vyenye nyuzi za kupishana, vikikauka vinavutana na umbo linapinda.

Kabla ya kukunja kitu chochote kizito kuliko karatasi ya printa, chora kwanza mstari wa mkunjo kwa rula na kalamu ya wino iliyokwisha wino. Kalamu inaacha mfereji mdogo, na karatasi itakunjika palepale ulipotaka. Usiitupe kalamu iliyoisha. Yangu ina miaka sasa na ndiyo kifaa ninachokitafuta zaidi mezani.

Sasa feni, ile ya mviringo inayokunjwa kama kodiani. Hapa wengi hudhani wamekunja vibaya, kumbe ukanda wenyewe ni mfupi. Upana wa ukanda ndio umbali kutoka katikati ya feni hadi ukingoni. Ukanda wa sentimita 5 utatoa feni ya sentimita 10 kwa kipenyo, na ukingo wa duara hilo ni sentimita 31 na ushee. Urefu wa A4 ni sentimita 29.7. Umeona? Kabla hujaanza kukunja ulikuwa umeshashindwa, maana hata ukinyoosha mikunjo yote iwe bapa haitoshi kuzunguka. Chukua upana, zidisha kwa nane au tisa, huo ndio urefu salama. Unganisha kanda mbili za A4 na utabaki na mikunjo mizuri iliyosimama. Unapounganisha hakikisha mlima unafuatwa na bonde. Vilima viwili vikikutana, pale patavimba na kila mgeni atapaona. Feni ikishafunga duara itataka kuruka kama chemchemi, kwa hiyo tia gundi ya moto katikati, bandika kiduara kidogo cha kadi, weka kikombe cha maji juu yake na uende zako. Ukiishikilia kwa mkono utaiachia mapema, nakuhakikishia.

Mpira uliofumuka ndio ulionigusa, maana ule ninaujua. Nadhani ni ule wa miduara ishirini. Nilipoutengeneza mara ya kwanza nilitumia kadi ya gramu 200 na kitu, nikakesha nao, nikaenda kulala nikiwa na fahari tele. Asubuhi ulikuwa umefunguka sakafuni kama ua. Kadi nene inakumbuka kwamba ilikuwa bapa, na gundi mbichi haina nguvu ya kubishana nayo.

Ufanye hivi. Tumia karatasi ya gramu 120 au karibu na hapo. Chora kwa bikari na ukate miduara 20 yenye kipenyo cha sentimita 5, na mmoja wa ziada wa kadi ngumu. Kwenye huo wa kadi, kabla hujabadilisha upana wa bikari, tembeza bikari ukingoni. Itagonga mara sita kamili na kurudi ilipoanzia. Unganisha nukta moja, ruka moja, unganisha inayofuata: umepata pembetatu yenye pande sawa ndani ya mduara. Ikate, hicho ndicho kiolezo chako. Kiweke juu ya kila mduara na ukunje masikio matatu yanayobaki nje. Usikadirie kwa macho. Kosa la milimita moja kwenye mduara mmoja halionekani, lakini kwenye ishirini linakuwa pengo la kupitisha kidole.

Kisha bandika sikio kwa sikio. Mitano ikikutana ncha kwa ncha inatoa kofia. Tengeneza kofia mbili. Kumi iliyobaki ipange mstari, mmoja ncha juu, unaofuata ncha chini, hadi mwisho, halafu funga mstari uwe pete. Kofia moja juu ya pete, nyingine chini. Kila sikio linapobandikwa, libane kwa kibanio cha nguo dakika tano hivi kabla hujagusa la jirani. Najua inachosha. Mimi hutengeneza mipira miwili kwa zamu ili mmoja unapokauka nishughulike na mwenzake. Mwishoni unapata mpira wa karibu sentimita 9 na nusu, masikio yakiwa nje kama mapezi ya samaki. Ukitumia karatasi ya rangi mbili, kofia rangi moja na pete rangi nyingine, watu hawatoamini kwamba haukununuliwa.

Theluji za kukata ni za watoto, lakini rekebisha jambo moja: usikunje mraba nusu, nusu, nusu. Hapo unapata pembe nne au nane, na chembe ya theluji ina sita, kwa kuwa maji yanapoganda molekuli zake hujipanga pembe sita. Kunja mraba kuwa pembetatu kubwa, weka kidole katikati ya upande mrefu, kisha leta pembe ya kulia na ya kushoto zipandane upate mafungu matatu yaliyo sawa. Kunja tena katikati. Sasa una tabaka kumi na mbili mkononi, ndiyo maana nasema karatasi iwe nyepesi. Kwa gramu 80 mkasi wa mtoto unaanza kulia. Sogeza karatasi kuelekea mkasi, wala usiuzungushe mkasi. Na acha kipande kizima kwenye kila mkunjo, la sivyo utafungua upate makombo.

Minyororo sina la kueleza. Vipande, stepla, endelea mpaka uchoke.

Ila kuna pambo moja wanao watalipenda na sijaliona likitajwa hapa: mioyo ya kusuka ya Kidenmaki. Ni vipande viwili vya rangi tofauti, kila kimoja kimekunjwa katikati, upande wa wazi ukiwa wa mviringo, na michanjo imekatwa kutoka kwenye mkunjo. Michanjo lazima iwe mirefu kuzidi upana wa kipande kwa milimita mbili tatu. Kipande kikiwa na upana wa sentimita 7, chanja sentimita 7.2 au 7.3. Ikiwa mifupi, utepe wa mwisho hauingii na utauchana kwa hasira. Kusuka kwake si kama mkeka, juu na chini. Utepe unapita ndani ya mwenzake, halafu mwenzake unapita ndani yake, hivyo hivyo kwa zamu. Ukimaliza, moyo unafunguka kama kimfuko na unaweza kutia kitu kidogo ndani. Moyo wa zamani zaidi unaojulikana unahusishwa na Hans Christian Andersen, mwandishi Mdenmaki wa hadithi za watoto, mwaka 1860. Nasikia raha kujua kwamba hata mtu wa kalamu alikuwa na mkasi wake mezani.

Gundi. Ile nyeupe ya maji ni nzuri kwa masikio na ncha, ila ichukue kwa kijiti cha kuchokolea meno, tone dogo, uisambaze mpaka isionekane kama unyevu. Kwa kubandika eneo pana tumia gundi ngumu ya kusugua, halafu laza chini ya kitabu kizito; ile ya maji hapo ndiyo inayoleta mawimbi. Gundi ya moto ni ya mtu mzima tu, kwa feni na vitundikio. Na kadi zenye unga wa kumetameta, zile ambazo sote tunazirukia dukani: gundi inashika ule unga, haishiki kadi, na unga ukibanduka unaondoka na pambo. Kwangua unga pale utakapobandika. Au usinunue kabisa, kama mimi. Mpaka Pasaka nilikuwa bado nauokota kwenye mashuka.

Umeuliza pia kuhusu ile nyota kubwa yenye miiba, ya kutundikwa na taa ndani. Hiyo ni nyota ya Herrnhut, mji wa Ujerumani, asili yake shule za Kanisa la Moravian huko huko Ujerumani katika karne ya 19, na ina miiba 25: 17 yenye kitako cha pande nne na 8 yenye kitako cha pande tatu. Nilianza nayo mwaka wangu wa kwanza kabisa, kwa kiburi. Nilifika mwiba wa tisa. Iache mwaka huu, tengeneza mipira mitatu kwanza. Na ukifika huko, taa iwe ndogo ya LED isiyopata joto. Mshumaa au balbu ya moto ndani ya karatasi usithubutu.

Kuhusu kugawana kazi na watoto: wape kukata miduara na kukunja masikio, wewe baki na gundi na kisu. Sisi tulipofanya kinyume, mezani palikuwa na gundi hadi kwenye nyusi.

La mwisho, kwa sababu nimelifanya zaidi ya mara moja: kabla hujabandika kofia ya pili ya mpira, pitisha uzi kwenye ncha ya kofia ya kwanza kwa sindano, ufunge fundo kwa ndani na shanga moja ili usichomoke. Nina mpira mmoja mwekundu, mzuri kuliko yote, ambao haujawahi kutundikwa. Unakaa kwenye bakuli.