Msiba wa madhehebu matatu chini ya turubai moja

Mwanza si rahisi kukuta ukoo wa dhehebu moja. Wamisionari Wakatoliki walifika Bukumbi mwaka 1883, wamisionari wa Kiprotestanti wa AIM (Africa Inland Mission) wakaingia Nassa mwaka 1909, na Wasabato nao wameenea mwambao mzima wa Ziwa Victoria. Leo baba ni Mkatoliki, mama ni wa AIC (Africa Inland Church, kanisa lililotokana na AIM), shangazi ni Msabato. Siku za kawaida kila mtu na kanisa lake. Ukitokea msiba, tofauti zote za kuielewa Biblia hujitokeza kwa mkupuo, tena mbele ya kipaza sauti.

Familia ianze kwa kukubaliana jambo moja: kanisa la marehemu ndilo linaloongoza, hata kama mkwe ni mchungaji wa kwingine. Kisha jioni ya kwanza katekista, mchungaji na mzee wa kanisa wakae pembeni na msemaji wa familia, nusu saa inatosha, waandike nani anasoma nini na nani anafunga kwa sala. Karatasi hiyo akabidhiwe mshereheshaji. Bila hivyo kipaza sauti kitazunguka, na atakayekipata mwisho atawajibu waliotangulia.

Ubishi mkubwa huwa ni hali ya wafu. Mkatoliki humwombea marehemu, na 2 Wamakabayo 12:43-46 imo katika Biblia yake yenye vitabu 73. Mwenzake wa AIC ana vitabu 66, hivyo aya hiyo kwake haipo; yeye husoma Wafilipi 1:23 kwamba aliyekufa katika Kristo yuko naye tayari. Msabato hushika Mhubiri 9:5: wafu hawajui lolote, wamelala mpaka ufufuo. Akisomewa Luka 23:43, "nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", atakwambia mkato unapaswa kukaa baada ya "leo", yaani Yesu anasema leo, si kwamba watakuwa peponi leo. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na mikato kama yetu, kwa hiyo hoja hiyo haimalizwi kwa kupaza sauti. Si ujinga wala ukaidi. Kila mmoja ana aya yake na anajua kwa nini anaisoma hivyo.

Basi usichague aya hizo kwa ajili ya mkesha. 1 Wathesalonike 4:13-18 inawatosha wote watatu, vilevile Yohana 11:25, kwa sababu ufufuo hakuna anayeukataa. Ukitaja Zaburi ya 23, kumbuka baadhi ya vitabu vya Kikatoliki huiandika ya 22. Taja maneno ya mwanzo, watu waifikie. Mahubiri yasizidi dakika kumi. Wito wa kuokoka kando ya jeneza uachwe kabisa: waombolezaji huusikia kama hukumu juu ya marehemu wao.

Lakini kuvumiliana si kumnyamazisha mtu. Wakatoliki wasizuiwe kusema "Raha ya milele umpe ee Bwana". Sala hiyo ipewe nafasi yake, mshereheshaji atangaze kwamba sasa Wakatoliki wanamwombea marehemu, na wengine wakae kimya. Asiyeitikia "Amina" asitazamwe vibaya.

Baba Yetu, ajabu yake, ndiyo inayovuruga kuliko mahubiri. Wakatoliki husema "utuopoe maovuni. Amina" na kunyamaza, huku wengine wakiendelea na "Kwa kuwa ufalme ni wako". Maneno hayo Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili wanayoitumia sana Waprotestanti, imeyaweka kwenye mabano, na Wakatoliki wenyewe huyasema kwenye Misa, baadaye kidogo. Mtu mmoja aongoze kwa kipaza sauti kwa maneno ya kanisa linaloongoza, wengine wafuate kwa sauti ya chini.

Siku ya kuzika ipangwe mapema. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama, kwa Mwanza ni karibu saa moja jioni, hadi Jumamosi muda kama huo. Wafiwa wa karibu wakiwa Wasabato, zikeni Ijumaa mchana au Jumapili, na ununuzi wa chakula umalizike Ijumaa kabla ya giza.

Jikoni, sato, sangara na dagaa havina shida. Kambare hana magamba, na kwa Walawi 11:9-12 Msabato hamli, sawa na nguruwe. Kumsomea Marko 7:19, kwamba vyakula vyote ni safi, akiwa ameshika sahani ni utovu wa adabu tu. Kambare akipikwa, awe na sufuria yake na upawa wake, na mafuta yaliyomkaanga yasirudi kwenye chakula cha wote.

Kukiwa na Misa ya mazishi, wasio Wakatoliki hawapokei Komunyo. Tangazo hilo litolewe kwa upole kabla Misa haijaanza, si foleni ikishafika mbele ya padre.