Swali la lugha: Kitabu cha bure au kitabu huria?

SWALI: Nafundisha katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwenye tangazo niliandika: "Vitabu vya kozi hii ni vya bure, ili kuwe na usawa darasani." Mwenzangu akakata "vya bure", akaweka "huria", kisha akapigia mstari "usawa". Bure na huria si kitu kimoja?

JIBU: Kwa neno la kwanza, mwenzako kakuokoa. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa. Kitazame Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992: jina lake ni huria, na ada inalipwa kama kawaida. Halafu litazame lile desa (nakala ya kitabu ya wanafunzi) linalorushwa kwenye simu usiku wa kuamkia mtihani. Ni la bure kabisa, ila huria silo, kwa sababu mwenye kitabu hakumruhusu mtu akipige picha ukurasa kwa ukurasa.

Kitabu huria huja na leseni inayokuruhusu kukinakili, kukigawa, hata kukitafsiri au kubadili mifano yake ikawa ya Kariakoo. Dhana ya nyenzo huria za elimu ilipata jina kwenye kikao cha UNESCO jijini Paris mwaka 2002. (Wengine husema "rasilimali huria". Mimi nashikilia nyenzo, yale magogo ya kusukumia chombo kizito.)

Tena bure lina sura ya pili: kazi bure, mtu bure. Mwanafunzi akisoma "vitabu vya bure" anaweza kudhani ni makapi.

Kisarufi, huria halibadiliki: kitabu huria, vitabu huria. Usiandike "vitabu vya huria".

Kuhusu usawa, hapo nakutetea nusu. Kwa masikio ya wengi, usawa ni kila mtu kupewa kilekile: faili moja, grupu moja la WhatsApp, wote mmepata. Aliyeishiwa bando na bumu (fedha za mkopo wa mwanafunzi) halijaingia ataliona jina la faili tu. Ukimtolea kopi steshenari, wengine hawakupewa, kwa hiyo usawa haupo. Ulichomtendea ni haki. Neno lako ni hilo.

Ningeandika hivi: "Kozi hii inatumia vitabu huria. Asiye na bando aulizie kopi maktaba, ni bure."