Daktari Hukata Simu Kabla Sijamaliza

SWALI: Mimi ni mkunga wa wodi ya wazazi, Morogoro. Nikimpigia daktari wa zamu usiku hufoka, "Umeniamshia hilo tu?" halafu hukata simu. Juzi mama mwenye presha kali alikaa saa nzima bila kuonwa. Nifanyeje nisionekane mkaidi?
Mkunga wa usiku

JIBU: Dada, ukali huo hauna utetezi. Kilichomo mkononi mwako ni maneno ya kwanza ya simu. Ukianza na "samahani daktari, yule mama aliyekuja jana bado analalamika", aliyetoka usingizini hasikii hatari.

Kabla ya kupiga, shika faili. Rudia kupima presha, hesabu pumzi, pima protini kwenye mkojo, sikiliza moyo wa mtoto. Kisha sema kwa mpangilio huu, ambao hospitali ziliurithi kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani: kinachotokea, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba.

"Daktari, ni mkunga wa wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha 4 ana presha 170/115, nimepima mara mbili ndani ya dakika 15. Mimba ya kwanza, wiki 36, protini alama mbili kwenye mkojo, kichwa kinamuuma, macho yana ukungu. Naona anaelekea kifafa cha mimba. Naomba uje sasa hivi. Nianze magnesiamu ya kuzuia degedege na dawa ya kushusha presha?"

Hayo hayamalizi dakika moja. Wengi huharibu mwishoni kwa kusema "nilikuwa nakujulisha tu". Ataitikia "sawa" na kulala tena. Omba kitendo, uliza atafika saa ngapi.

Akiagiza dawa kwa simu, iandike, umsomee: "Magnesiamu gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 5 kila tako. Ndivyo?" Kosa la dozi hunaswa hapo, kabla sindano haijajazwa.

Akikata, piga tena papo hapo: "Nina wasiwasi na usalama wa mama huyu. Unakuja, au nimwite daktari bingwa?" Asipokuja, mpigie bingwa na msimamizi wa wauguzi wa usiku. Hapo hujamsemea mtu. Unamtafutia mama tiba. Kwenye faili andika: "Saa 8:10 usiku nimempigia daktari wa zamu, nimemtajia presha 170/115, simu imekatwa." Usiandike "ana kiburi", maana neno hilo hugeuza kumbukumbu ya mgonjwa kuwa ugomvi wenu.

Matusi yazungumzeni asubuhi, faragha, kamwe si mbele ya ndugu wa mgonjwa. Mwambie, "Jana simu ilikatwa kabla sijataja presha," kisha muulize anataka aamshwe kwa lipi. Akiendelea kutukana, mwandikie matroni, ukitaja tarehe na saa.

Mtakayokubaliana yabandikeni ukutani karibu na simu: presha kuanzia 160/110, damu ya ml 500 au zaidi baada ya kujifungua, degedege. Kwa hayo, daktari anaamshwa bila kuombwa radhi.