Wakikuuliza kama wewe ni mliberali, usikane

Mara ya kwanza nilipojitolea kwenye kampeni hapa Lexington, Kentucky, nilipewa orodha ya nyumba 40, bahasha ya vipeperushi na onyo moja: neno "mliberali" lisitoke mdomoni mwangu. Mgombea wetu alikuwa wa chama cha Democratic, akiwania kiti cha bunge la jimbo, na huku neno hilo watu wengi hulitamka kama tusi. "Wakikuuliza, sema ni mtu wa wastani," msimamizi wetu alituambia.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mzee mmoja aliyevaa kofia ya askari mstaafu. Alisimama nyuma ya mlango wa wavu, mbwa amejilaza miguuni pake. Alinisikiliza vizuri nilipomweleza habari za shule na barabara, hata akatoka nje kupokea kipeperushi. Kisha akauliza, "Huyu mtu wenu ni mliberali?" Nikajibu haraka, "Hapana, mzee, ni mtu wa wastani tu." Aliniangalia kwa muda. "Kama hili dogo mnalificha," akasema, "akifika kule Frankfort bungeni atatuficha mangapi?" Akanirudishia kipeperushi changu, kwa upole kabisa, akaingia ndani.

Jibu lake limenikaa moyoni hadi leo, na ndilo linalonifanya niandike. Lexington ina wasemaji wa Kiswahili wengi, hasa ndugu zetu waliotoka Kongo. Wengi wameshapata uraia, wanapiga kura, na wapo wanaoanza kufikiria kugombea wenyewe. Nataka wasirudie kosa nililolifanya pale barazani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana sisi tuliokulia Tanzania tulilijua kwa sura nyingine. Nilipokuwa chuo Dar es Salaam, "uliberali mamboleo" ulikuwa na maana ya soko huria, kubinafsisha mashirika ya umma, mgonjwa kuchangia gharama hospitalini. Australia, chama kinachoitwa Liberal kiko mrengo wa kulia. Marekani ni kinyume. Mliberali hapa ni yule anayetaka serikali isimamie haki na imshike mkono mnyonge: hifadhi ya jamii iliyoanzishwa na Franklin Roosevelt mwaka 1935, sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na Medicare, bima ya afya ya wazee, ya mwaka 1965. Siku hizi neno hilo limebeba pia msimamo juu ya utoaji mimba na ndoa za jinsia moja, na hapo ndipo waumini wengi wa kwetu, Wakristo kwa Waislamu, wanapoachana nalo. Kama wewe ni mmoja wao, basi sema wazi kwamba hili naafiki, lile siafiki. Hakuna anayekulazimisha ulivae jina lisilokuenea.

Ila kama linakuenea, usilikimbie. Mwaka 1960, tarehe 14 Septemba, John F. Kennedy alisimama mbele ya chama cha Liberal cha New York akasema kwamba kama mliberali ni mtu anayejali afya ya watu, makazi yao, shule, kazi na haki zao, basi yeye anajivunia kuitwa hivyo. Alilieleza neno mwenyewe kabla wengine hawajamwelezea, na Novemba akashinda urais.

Mwaka 1988 ilikuwa vingine. Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts na mgombea urais wa Democratic, alitoka kwenye mkutano mkuu wa chama chake akiongoza kwa pointi 17 katika utafiti wa maoni wa shirika la Gallup. Mpinzani wake wa Republican, George Bush mkubwa, na Rais Reagan wakaanza kumpiga kwa neno hilo, wakiliita "neno la herufi L" kama kitu cha aibu kisichotamkika mbele ya watoto. Dukakis alikwepa. Alisema uchaguzi haukuhusu itikadi bali uwezo wa kazi. Miezi ikapita, na tarehe 30 Oktoba, zikiwa zimebaki siku tisa tu, ndipo akatamka huko California kwamba yeye ni mliberali wa mkondo wa Roosevelt, Truman na Kennedy. Bush alichukua majimbo 40. Sisemi jina peke yake ndilo lililomwangusha, yalikuwepo mengi. Lakini kwa miezi yote ile wapiga kura walikuwa wameelezwa maana ya neno na mahasimu wake tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Paul Wellstone, seneta wa Minnesota. Mwaka 1996 matangazo ya mpinzani wake yalimwita mliberali wa kutia aibu. Mwaka huohuo alipiga kura ya kupinga sheria ya kupunguza misaada kwa familia maskini, huku uchaguzi ukimkabili. Watu wa Minnesota wakamrudisha kwenye Seneti kwa takriban pointi tisa. Nadhani hata wasiokubaliana naye walijua watampata mtu yuleyule waliyemwona kwenye kampeni.

Wanaoshauri kukwepa wana hoja, na siidharau. Gallup ilipoanza kuuliza kwa utaratibu wa sasa mwaka 1992, watu 17 katika 100 walijiita waliberali. Miaka ya karibuni ni kama 25, na wahafidhina bado ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo Kentucky usiliandike kwenye bango. Kwenye kura za maoni za chama San Francisco ni habari nyingine. Huku kwetu, anza na kitu chenyewe. Mwaka 2013 jimbo hili lilipofungua soko lake la bima ya afya chini ya sheria ya Obama, gavana Steve Beshear aliliita kynect. Nimewahi kukaa jikoni kwa mama mmoja aliyenionyesha kadi yake ya Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ameibandika kwa sumaku kwenye friji, akaniambia kynect imemwokoa. Pumzi ileile akaongeza kwamba Obamacare, yaani sheria ileile ya Obama, haitaki hata kuisikia. Florida nayo, mwaka 2020, ilimpa Trump ushindi na siku hiyohiyo ikapitisha kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa takriban asilimia 61.

Kutolitanguliza jina ni jambo moja, kulikana ni jingine. Tazama gavana wetu wa sasa, Andy Beshear, mtoto wa yule wa kynect. Husikii akijitangaza mliberali. Lakini Machi 2023, mwaka wake wa uchaguzi, alikataa kusaini sheria iliyowabana vijana waliobadili jinsia, akasema watoto wote ni wa Mungu. Bunge likamshinda kwa kura. Alijua atapigwa nalo kwenye matangazo, na kweli alipigwa. Novemba akachaguliwa tena.

Kwa hiyo kabla hujagonga mlango wa kwanza, kaa chini uandike sentensi zako mbili. Zisome kwa sauti mbele ya mtu asiyekupigia kura, shemeji yako au jirani, mpaka zitoke bila kigugumizi. Zangu ninazozitumia sasa ni hizi: "Ndiyo, wapo wanaomwita hivyo, na hakatai. Kwake maana yake ni kwamba mzee asichague kati ya dawa na chakula."

Kampeni iliyofuata nilizisema kwa mama mmoja aliyeniuliza swali lilelile mlangoni. Hakuniahidi kura. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama ni kweli insulini kwa walio kwenye Medicare sasa haizidi dola 35 kwa mwezi. Nikamwambia ni kweli. Akaniambia nisubiri, akaingia ndani kumwita mumewe.