Kuhusu njuga ulizoniuliza

Mwanangu Rukia,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa miwani. Mkuu wa kundi lenu anataka uweke kathaki, ile ngoma ya Kihindi ya kukanyaga kwa njuga, kando mwaka mzima, mwili ukae sawasawa kwenye dansi ya kisasa, nawe waniuliza: "Mama, nizivue njuga?" Nitakujibu. Ila kwanza nikwambie habari za mtu aliyewahi kukuvua, maana hatujayazungumza miaka yote hii. Ni mimi.

Ulikuwa na miaka minane, 2003, tukikaa Leicester, Uingereza, nyumba ya pili na Ba, yule bibi wa Kihindi. Unamkumbuka alivyokuwa: Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke mwaka 1972, akatoka Jinja na sanduku moja na Kiswahili chake cha dukani, na alipojua mimi ni wa Mombasa akawa ananigongea ukuta niende nikanywe chai. Kila Jumamosi ulikuwa ukimfuata mjukuu wake kwa mwalimu wa kathaki. Ba akakufunga njuga zake mwenyewe, hamsini kila mguu, na jikoni kwetu kukawa hakukaliki kwa hiyo "ta thei thei tat" yako. Nilikuwa nikikata vitunguu kwa mdundo huohuo. Sijapata kukwambia.

Ikaja ile harusi ya watu wa pwani. Ukacheza, wakakupigia makofi. Kisha bibi mmoja, sitamtaja, ameshatangulia mbele ya haki, akasema makusudi tusikie: "Mtoto wa Kiislamu kafungwa kengele za hekaluni!" Wakacheka. Nami nikacheka. Maneno yake nilishayasamehe zamani. Kicheko changu ndicho kisichonitoka. Kesho yake nikazitia njuga mfukoni nikampelekea Ba. Akaupima ule mfuko mkononi kama anayepima sukari, akaniambia, "Mama, mguu hapana dini." Sikuwa na la kumjibu. Nikarudi nyumbani nikakukuta jikoni, miguu mitupu, unakanyaga vilevile, midomo inahesabu, sauti hakuna.

Na ujinga ulikuwa wetu sote pale harusini. Kathaki hiyohiyo imelelewa kwenye makasri ya Moghuli, wafalme Waislamu wa India, kama ilivyolelewa mahekaluni. Wajid Ali Shah, mtawala Mwislamu wa Lucknow, aliipenda hata akajifunza mwenyewe. Na huyu mcheza dansi wako Akram Khan, mtoto wa Wabangladeshi aliyezaliwa London 1974, alifungwa njuga na mwalimu wa kathaki Pratap Pawar akiwa na miaka saba. Dansi ya kisasa alikuja kuisomea ukubwani, na palepale Leicester, chuo cha De Montfort. Huenda nilipishana naye sokoni nisimjue. Mimi, ambaye mamangu alicheza lelemama Mji wa Kale mchana kweupe, nikaona haya kwa ajili ya kengele za mtoto!

Nimekwambia tangu zamani: mguu hausahau. Ndiyo maana uliponipeleka ukumbi wa Sadler's Wells, London, 2018 kuangalia Xenos, ngoma ndefu ya mwisho ya Akram Khan ya kucheza peke yake, sikuweza kutulia kitini. Yule askari wa Kihindi wa vita vya 1914 alinirudishia babu yako na hadithi yake ya nyuki wa Tanga, walivyowatimua askari kama hao. Kisha Akram akazifungua njuga miguuni, zikageuka minyororo. Ukanishika mkono ukidhani nalilia vita. Nilikuwa nauona ule mfuko wangu.

Lakini ngoja, nisimwonee mkuu wenu. Lin Hwai-min wa Taiwan hakulelewa na njuga. Alikuwa mwandishi wa hadithi, akaenda Marekani kusomea uandishi, huko akajifunza dansi ya kisasa ya Mmarekani Martha Graham, akarudi kwao akaanzisha kundi la Cloud Gate 1973, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ile ngoma yake yenye mpunga tani tatu na nusu jukwaani, uliponionyesha kwenye simu nilisema, "Nani ataufagia?" Mwisho akatoka mtu na reki, akauchora duara ndani ya duara, taratibu, mpaka jukwaa likajaa. Nikanyamaza. Huyo alianza akiwa amechelewa, na tazama.

Na Shobana Jeyasingh, mzaliwa wa Chennai, kundi lake London tangu 1988? Bharatanatyamu, ngoma ya kale ya India ya kusini, aliijua vizuri, kisha akaifumua kama mshonaji anavyofumua gauni alishone upya. Kila nikimvuta upande wangu, ananiponyoka. Tena nikifikiri vizuri, kama mguu hausahau, mwaka mmoja wa mapumziko utaudhuru nini? Unaona, neno langu mwenyewe limenigeukia.

Ila neno "aache" la mkuu wenu silipendi. Aliyelisema hajapata kukusikia ukikanyaga bila sauti.

Hapa nilikuwa nimeandika jibu, neno moja tu, nikalikata kwa kalamu hata karatasi ikatoboka, usijaribu kulisoma. Nilikuamulia mara moja, ukiwa huna la kusema. Uko na miaka ishirini na tisa sasa.

Jambo la mwisho. Njuga za Ba ninazo mimi. Alinipa nilipokuwa narudi Mombasa, hakusema kitu, alinitilia kwenye begi pamoja na chevda. Ziko kabatini na leso za bibi yako. Uzi ulikuwa umeoza, wiki hii nimezitunga upya. Mguu wa kushoto zimebaki 47. Mjomba wako anakuja huko Ijumaa, na mzigo wake unafungwa Jumatano usiku. Nimpe azibebe, au zikae?

Mamako