Kopo la maziwa lilikuwa limeshanijibu

Kwa miezi mitatu laptopu yangu ilikuwa inaegemea kopo la maziwa ya unga. Ukiifungua ukaisimamisha wima, kioo cheusi tii. Ukiilaza nyuma kidogo mpaka mgongo wake uguse kopo, picha inarudi. Kuna kijana mmoja wa chuo, kila akija kuprinti kazi zake lazima aulize, "Anti, mgonjwa bado yuko kwenye maziwa?" Tunacheka, maisha yanaendelea. Sikujua kwamba lile kopo lilikuwa limeshanipa jibu lote, bure, na mimi nimekwenda kununua jibu jingine kwa laki na arobaini.

Nina duka dogo la steshenari hapa Tanga, Ngamiani. Nachapa, natoa kopi, nalaminisha vyeti. Laptopu yenyewe (mpakato, kama wanavyosema watangazaji) ni ya mwaka 2012, inchi 14, niliinunua ya mtumba na kibodi yake ya Kijerumani, Z imekaa penye Y. Kioo chake kilikuwa na kasoro moja tu: nukta nyekundu isiyozima, kona ya chini kulia, karibu na saa. Nukta moja ya hivyo mara nyingi haina dawa na wala haisumbui. Niliizoea kama mtu anavyozoea kipele cha shingoni.

Matatizo yalianza kwa kupepesa. Mara kioo kinatikisika kama bendera, mara kinazima, ukikigusa kinawaka. Nikapeleka kwa fundi. Akaiwasha, akaitazama kama sekunde kumi, akasema, "Kioo kimekufa dada, tuagize." Kikaagizwa Kariakoo, kikaja na basi kimefungwa ndani ya kipande cha godoro, juu wameandika kwa maka peni KIOO USILALIE. Kikafungwa, kikawaka, nikalipa. Siku nne raha mustarehe. Siku ya tano, giza. Nikarudisha kopo mahali pake.

Hapo ndipo nilipoamua kuielewa hii mashine mwenyewe.

Picha unayoiona ina safari. Inatengenezwa na chipu kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), inapita kwenye waya mwembamba unaozunguka ndani ya bawaba, ndipo inafika kwenye kioo. Na nyuma ya kioo kuna taa, kwa sababu kioo cha laptopu kama hii chenyewe hakitoi mwanga. Kwa hiyo ukiambiwa "kioo kimekufa", anayesema hivyo anatakiwa akuthibitishie kwamba si chipu, si waya, wala si taa. Mengi ya kuthibitisha unaweza kuyafanya wewe nyumbani, hata bisibisi hujashika.

Anza na tochi ya simu. Washa laptopu, subiri mpaka usikie imeamka, zima taa ya chumbani, kisha mulika kioo kwa ubavu, karibu kabisa. Ukiona vivuli vya maandishi na picha vimefifia mle gizani, basi kioo kinachora kama kawaida. Kilichozima ni taa ya nyuma, au umeme unaoilisha. Kwenye mashine za zamani sana, zile za kabla ya mwaka 2009 hivi, hiyo taa ni mrija mwembamba, ndugu wa zile tyubu tunazofunga madukani, na una kifaa chake cha kupandisha umeme kinachoitwa inveta. Mrija ukichoka unakuaga mapema: asubuhi ukiwasha, kioo kinakuwa na rangi ya waridi kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Mashine za baadaye zina taa za LED, hazina inveta ya namna hiyo, kwa hiyo fundi akikuambia inveta ya laptopu ya mwaka 2014 imeungua, muulize iko wapi akuonyeshe.

Kama tochi haikuonyesha kitu, chomeka monita ya nje au televisheni, kwa VGA au HDMI, chochote ilicho nacho. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi P, maana wakati mwingine mashine imeachwa inatuma picha upande mmoja tu. Picha ikitoka safi huko nje, pumua. Chipu ni nzima, na ugonjwa mara nyingi uko kwenye kioo au waya wake. Picha ya nje nayo ikiwa na mistari na vyumba-vyumba vya rangi, hilo ni jambo jingine, nitalifikia. Na ikiwa hakuna picha popote, taa za mashine zinawaka tu na feni inazunguka, usikate tamaa: chomoa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika nzima, kisha jaribu tena. Ikigoma, toa ramu, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, irudishe mpaka isikike ikibana. Nimewahi kufufua mashine ya mteja kwa raba ya shilingi mia mbili na akadhani mimi mhandisi.

Mistari nayo ina lugha yake. Ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, kwa kubonyeza F2 au Delete au kitufe kingine cha mashine yako pale inapowaka tu. Huko Windows haijaingia wala draiva, ile programu inayoiendesha chipu ya picha, haijafanya kazi. Mistari ikiwa ipo hata huko, usipoteze bando kupakua draiva. Ikiwa huko ni shwari na inakuja Windows ikishawaka, anza na draiva. Kwenye Windows 10, kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B kinaiamsha upya draiva ya picha bila kuzima chochote, kioo kinapepesa mara moja basi. Wenye Dell wana bahati ya ziada: nyingi zina jaribio la ndani, unashikilia herufi D huku unawasha, na kioo kinapita rangi moja moja. Rangi zikipita safi, kioo hakina kosa.

Kabla sijasahau, kuna sumaku. Laptopu nyingi zinajua kifuniko kimefungwa kwa sumaku iliyofichwa kwenye fremu. Siku moja nilipakia laptopu ya mteja juu ya yangu nikawa natumia ile ya juu, ikawa inazima kioo kila dakika. Nimehangaika nayo saa nzima. Nikaihamishia mezani ikapona. Kava ya simu yenye sumaku, hata bangili, inaweza kukufanyia hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye kopo. Kipimo kilichokuwa kinanikodolea macho ni pembe. Ukiwa na kioo kinachowaka na kuzima kadiri unavyokilaza na kukiinua, mshukiwa wa kwanza ni waya unaopita kwenye bawaba. Kila unapofungua na kufunga, ule waya unakunjwa. Hesabu mashine iliyokaa ofisini kwa mtu miaka kadhaa, halafu ikaja kwangu, inafunguliwa na kufungwa asubuhi mpaka jioni. Kioo kipya nilichofungiwa kiliwaka zile siku nne kwa sababu wakati wa kukifunga waya ulisogezwa kidogo ukapata mkao. Kioo hakijatibu kitu.

Nilifungua mwenyewe. Betri nje kwanza, na hili silisemi kwa mazoea. Ukichomoa au kuchomeka waya wa kioo umeme ukiwa bado upo, unaweza kukata fyuzi ya taa ya nyuma kwenye mazabodi, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa wa pili. Skrubu za fremu zimejificha chini ya vipira vidogo vya mviringo; nilivichokonoa kwa sindano nikavipanga kwenye sahani kwa mpangilio wake. Fremu inabanduka kwa kucha, unasikia ta-ta-ta mpaka roho inaruka. Nilipofika kwenye bawaba ya kushoto nikauona: ule utepe mweusi unaoufunika waya umechanika, ndani nyuzi mbili za shaba zimekatika na moja inaning'inia. Nilipozigusanisha kwa kibanio cha nyusi, kioo kikawaka. Ndiyo, najua, betri. Niliirudisha kwa ajili ya hilo jaribio tu, na wewe usiniige.

Waya mpya ulinigharimu elfu thelathini na subira ya wiki mbili. Kwenye soketi zake pini zilikuwa zimeanza kuota ukungu wa kijani, hii hewa yetu ya bahari haiachi kitu. Nilizisafisha kwa mswaki laini na spiriti, nikaacha zikauke vizuri.

Ikiwa baada ya yote hayo kweli kioo ndicho kibovu, kimevunjika au kimevuja wino mweusi, basi usiagize kwa jina la laptopu. Mfano mmoja wa laptopu unaweza kuwa umefungwa vioo vya aina tofauti. Kigeuze, soma kibandiko cha nyuma: kutakuwa na namba kama LP140WH4 au B140XW01, na hiyo 140 maana yake inchi 14.0. Hesabu na pini: za zamani nyingi ni 40, za baadaye nyingi ni 30, na haziingiliani hata ukilazimisha. Angalia pia masikio ya skrubu yako pembeni au juu na chini. Piga picha hivyo vyote, mtumie muuzaji.

Na ile mistari inayotoka mpaka kwenye monita ya nje? Hiyo mara nyingi ni chipu. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi kwenye lehemu ya vifaa vya umeme mwaka 2006, viwanda vilihamia kwenye madini mengine, na kwenye baadhi ya mashine za miaka ile viungio vya chipu vilichoka kwa joto la kupanda na kushuka. Atakuja fundi na mashine ya upepo wa moto akuambie "tunaichoma kidogo". Itapona, kweli. Kwa wiki, kwa mwezi. Mimi hela hiyo siitoi; ningekusanya ya laptopu nyingine.

Jambo ambalo sikulifanya, na ninalijutia kuliko laki na arobaini, ni kudai kioo changu cha zamani. Kifaa kilichotolewa kwenye mashine yako ni chako, kiwe kizima au kibovu. Nilikumbuka baada ya mwezi, nikapita kwa fundi kukiulizia. "Kile nilishakitupa dada'angu, kilikuwa kimekufa kabisa."

Mezani kwake kulikuwa na laptopu ya mteja inasubiri kuchukuliwa, imewashwa, inang'aa. Kona ya chini kulia, karibu na saa, nukta nyekundu.