Kofia ya rafiki imeharibika: kabla hujanunua nyingine

Ndugu yangu, waniuliza ufanyeje na kofia ya rafiki yako uliyoiharibu. Kwa kuwa doa la mchuzi umelipaka dawa ya madoa na uzi umepauka, usiioshe tena. Mpelekee mwenyewe ilivyo, leo, kwa mkono wako. Usimtume mtoto wala kutanguliza picha kwenye simu. Mwambie mara tu baada ya salamu, maana ukingoja mpaka kahawa iishe utaondoka hujasema.

Kosa la wengi ni kukimbilia madukani kununua kofia ya mashine na kumkabidhi mwenyewe. Kofia ya Lamu ya kushonwa kwa mkono hutobolewa vitundu vidogo na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Kazi hiyo yaweza kula miezi. Mwenye kofia atajua tofauti kwa kuishika tu, na utakuwa umemtukana mara ya pili.

Muulize yeye anataka nini. Fundi aweza kufumua sehemu iliyopauka na kuishona upya, ila uzi mpya huenda usilingane na wa zamani. Mwache mwenyewe aamue. Akitaka mpya, nendeni pamoja kwa fundi, achague nakshi, nawe utoe kianzio mbele yake. Huna zote? Lipa kidogo kidogo, lakini kwa fundi.

Na kama ilikuwa ya marehemu babake, pesa usizitaje kwanza. Omba radhi, unyamaze, umsikilize.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia kabla fundi hajaimaliza kofia, mwazime yako nzuri avae Maulidini. Wewe vaa ile ya kila siku.